Kuganga na Kuagua: Wajibu Wetu kwa Mgonjwa Asiyesema

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo wazee waliyatumia kwa kazi ya mganga, nayo ni kuganga na kuagua. Kuganga ni kutia dawa, kufunga jeraha, kukirudishia uzima kilichoharibika. Na ndiyo maana twaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kuagua ni kazi nyingine. Ni kuufunua ugonjwa, kuutaja kwa jina na kueleza ulikotoka. Mtu aliyeshikwa na maradhi alipelekwa kwanza kuaguliwa, ndipo agangwe. Leo hatuzikubali baadhi ya njia zilizotumiwa katika uaguzi huo, mathalani kupiga ramli. Lakini kanuni iliyokuwa chini yake ilikuwa ya haki, kwamba dawa haitangulii jina la ugonjwa.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kanuni hiyo upya, na kuuliza swali moja. Je, mtu anayetibu bila kuujua ugonjwa, tena kwa nia njema, ana kosa? Na kama analo, kosa hilo ni la upungufu wa elimu tu, au ni la maadili? Ili tusipotee katika maneno matupu, tutamtazama mgonjwa mmoja tu, naye ni ng'ombe. Tumemchagua ng'ombe kwa sababu hana kinywa cha kusema panapomuuma, hawezi kukataa sindano, wala hawezi kumshitaki aliyemkosea. Kwake yeye tabia ya mganga huonekana wazi kuliko mahali pengine, kwa kuwa mganga hana shahidi ila dhamiri yake.

Yamkini msomaji atadhani kwamba habari za ng'ombe ni za nyanda za mbali, za Wamaasai, Wasukuma na Wagogo. Lakini ng'ombe yupo mjini pia. Ukitoka katikati ya Dar es Salaam na kuelekea pembezoni, Tegeta na Bunju kwa upande wa Kinondoni, Mbagala na Chamazi kwa upande wa Temeke, au Kimara na Kigamboni ambako sasa ni wilaya nyingine zilizozaliwa na hizo mbili, utaona nyuma ya nyumba nyingi banda la miti au la matofali lenye ng'ombe wawili au watatu. Aghalabu ni chotara wa Friesian au wa Ayrshire. Majani yao hukatwa mabondeni na kando za barabara, yakaletwa kwa baiskeli au kwa mkokoteni. Pumba na mashudu hununuliwa dukani. Ufugaji huu ulipata nguvu katika miaka ya 1980, wakati mshahara wa mwalimu, wa karani na wa muuguzi ulipokuwa hautoshi tena kuifikisha familia mwisho wa mwezi. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliutambua, zikaweka kikomo cha ng'ombe wanne, wafugwe bandani wala wasizurure. Kwa hiyo ng'ombe huyo ni ada ya shule, ni nauli, ni dawa ya mtoto. Akiugua yeye, nyumba nzima hutikisika.

Sasa na tuchukue mfano. Ndama wa chotara, wa miezi sita, asubuhi moja amekataa majani. Masikio yamelala, macho yanatoa machozi, manyoya yamesimama. Kipimajoto kikitiwa chini ya mkia chaonyesha nyuzi 41, ilhali joto la kawaida la ng'ombe ni kama nyuzi 38 na nusu. Ana homa, hilo ni dhahiri. Lakini homa ni mlango ambao magonjwa mengi huingilia. Huenda ni ndigana kali, iletwayo na kupe wa kahawia wa masikioni. Hapo tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega huvimba, na baadaye ndama huhema kwa shida na kutoka povu puani. Huenda ni ndigana baridi. Hapo ufizi na utando wa jicho hupauka au huwa wa manjano, na mavi huwa makavu. Huenda ni ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao jina lake lajieleza. Huenda ni maji moyo, ambao humfanya mnyama atembee kwa kunyanyua miguu juu, azunguke mahali pamoja kama aliyerukwa na akili, kisha aanguke. Au huenda ni nagana, iletwayo na mbung'o, ambayo humkondesha polepole na kumwishia damu.

Wote hao wana homa, lakini dawa zao si moja. Oksitetrasiklini, ambayo wengi huiita kwa mkato tetrasiklini, yafaa kwa ndigana baridi, na yafaa kwa maji moyo ikiwahi. Lakini ndigana kali ikishajitokeza, sindano hiyo haitoshi kuiponya. Ndigana kali ina dawa yake, buparvakwoni, nayo ni ya bei, na haina budi kutolewa mapema. Mkojo mwekundu na nagana zina dawa yake nyingine tena. Tofauti hizi si siri. Mkono unaopapasa bega huweza kuisikia tezi iliyovimba. Jicho linalofunua kope huweza kuuona weupe wa utando. Tone la damu kutoka katika mshipa wa sikio, likitandazwa juu ya kioo na kutiwa rangi, huonyesha chini ya hadubini kijidudu ni kipi. Wala hadubini hiyo haiko ng'ambo. Maabara Kuu ya Veterinari, ambayo tangu mwaka 2012 imo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, iko Temeke, katika jiji lile lile lenye mabanda tuliyoyataja.

Pamoja na hayo yote, jambo linalotokea mara nyingi ni jingine. Mwenye ndama huenda dukani na kununua chupa ya tetrasiklini, kwa sababu jirani aliitumia mwaka jana na ng'ombe wake akapona. Au humwita mtu mwenye bomba la sindano, naye mtu huyo, bila kupapasa wala kufunua kope, hudunga alicho nacho mfukoni. Ndama akipona, mdungaji husifiwa. Ndama akifa, husemwa kwamba siku zake zilikuwa zimefika.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mfugaji huyu ana utetezi wake, nao unastahili kusikilizwa. Atasema: «Daktari wa mifugo yu mbali, na akija hulipwa kabla hajagusa kitu. Kipimo kina gharama. Ndama anakufa mbele ya macho yangu. Je, nimwangalie tu? Si afadhali nimpe kitu kuliko kumnyima vyote? Mwenye huruma hasubiri cheti.» Utetezi huu una nguvu kwa sababu umesimama juu ya huruma, na huruma ni jambo jema. Tena ni kweli kwamba yapo mazingira ambamo mtu hana budi kutenda kabla hajawa na hakika. Hata daktari aliyehitimu, ndama akiwa taabani usiku wa manane, hutibu kwa dhana iliyo karibu zaidi na dalili alizoziona.

Lakini tazama neno hilo, dalili alizoziona. Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Dhana inayotokana na kuangalia si sawa na bahati nasibu. Anayedhani baada ya kupapasa tezi, kupima joto na kuuliza mkojo ulikuwa wa rangi gani, amekwisha kumtendea mgonjwa haki ya kwanza, nayo ni haki ya kutazamwa. Anayedunga bila kutazama hakumhurumia ndama, ila ameihurumia wasiwasi yake mwenyewe. Ametaka kujiona ametenda kitu. Na kwa kuwa ndama hawezi kusema «hukunigusa», udanganyifu huo hupita salama. Huruma ya kweli huanza na taabu ya kutaka kujua.

Katika utamaduni wetu iko methali inayosema kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Imetungwa na watu walioonja shida, na ina uchungu wa kweli ndani yake. Lakini tukiipokea kama maelezo badala ya kuipokea kama kilio, itatufunga macho. Kwa nini ng'ombe wa maskini hazai? Pengine lishe yake ni haba, joto lake la kupandwa halionekani. Pengine dume alilopelekewa lina maradhi. Na pengine anao ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humfanya atoe ndama kabla ya wakati, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Ugonjwa huo hugundulika kwa kupima damu au maziwa. Mwenye kusema «ni bahati yangu» hatapima. Ataitupa mimba ile jalalani, atalivuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na wiki chache baadaye ataanza yeye mwenyewe kupata homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo na jasho la usiku. Atapewa dawa ya malaria, mara moja, mara mbili, mara tatu. Maana ugonjwa huu kwa binadamu hufanana na malaria, na ni rahisi kukosewa jina. Kubahatisha kulikoanzia bandani kumeingia chumbani.

Msomaji aweza kuuliza: je, basi, unatutaka tuwe na hakika ya kila kitu? La hasha. Historia ya jiji lenyewe la Dar es Salaam yatufundisha kwamba hata mwenye hadubini bora aweza kukosea. Mwaka 1897, mji huu ukiwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani, alifika hapa Robert Koch, yule ambaye mwaka 1882 alikuwa amekitambulisha kwa ulimwengu kijidudu cha kifua kikuu. Aliichunguza damu ya ng'ombe wa pwani hii, akaona ndani ya chembe nyekundu vijidudu vidogo mno. Akaviandika kuwa ni hatua changa ya vijidudu vya homa ya Texas, yaani ule ugonjwa wa mkojo mwekundu uliokuwa ukijulikana Marekani. Haikuwa hivyo. Alichokuwa ametazama kilikuwa kijidudu cha ndigana kali, ugonjwa ambao wataalamu walikuwa hawajautambua.

Miaka michache baadaye kosa hilo lilikutana na matokeo. Mwaka 1901 maradhi ya ng'ombe yalizuka katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, baada ya ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki kushushwa katika bandari ya Beira. Maelfu walikufa. Waganga wa mifugo wa huko walidhani kwanza ni homa ile ile ya Texas, na wakaipigania kwa silaha zisizofaa. Koch akaitwa Bulawayo mwaka 1903. Alipotazama tena, hakuling'ang'ania neno lake la zamani. Alisema kwamba huu ni ugonjwa mwingine, akauita homa ya pwani ya Afrika. Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini, alizidi kuibainisha tofauti hiyo, na kijidudu kile hadi leo chaitwa Theileria parva kwa heshima yake. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika koloni la Rasi, naye akathibitisha kwamba kupe wa kahawia ndiye mwenezaji.

Koch huyo huyo, mwaka 1901, alisimama mbele ya mkutano mkubwa London na kudai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kutiliwa maanani kwa binadamu. Jina lake lilikuwa kubwa, na wengi wangependa kumwamini. Lakini tume iliyoundwa na Serikali ya Uingereza ilifanya uchunguzi wa miaka kumi, hadi mwaka 1911, ikaonyesha kwamba ugonjwa huo humwambukiza mtu, na kwamba watoto hudhurika kwa maziwa. Laiti watu wangetosheka na ukubwa wa jina, watoto wangapi wangeendelea kunyweshwa mauti katika kikombe?

Mafunzo ya habari hizi ni mawili. La kwanza ni kwamba chombo peke yake hakimfanyi mtu kuwa mkweli. Mwenye hadubini aweza kukosea, na asiye nayo aweza kusibu. La pili ni kwamba kosa la uaguzi si aibu; aibu ni kukataa kutazama tena. Aliyekosea baada ya kutazama ameacha njia ya kurekebishwa, kwa kuwa ametaja alichokiona. Aliyebahatisha hakuacha njia yoyote, kwa kuwa hakuona kitu.

Na tusije tukafikiri kwamba kutazama kulikuja na meli za Wazungu. Wamaasai wanaijua ndigana kali kwa jina la oltikana, na tezi iliyovimba ni alama waliyoitambua tangu kale. Tena walijua kwamba majira ya nyumbu kuzaa huwaletea ng'ombe maradhi ya kufisha, wakawa huwahamisha ng'ombe wao mbali na malisho ya nyumbu mpaka majira hayo yapite. Sayansi ilikuja baadaye ikathibitisha kwamba nyumbu hubeba kirusi ambacho yeye mwenyewe hakimdhuru, lakini humuua ng'ombe. Vivyo hivyo nyati wa mbugani huweza kuwa na vijidudu vya ndigana katika damu yake, akala na kunywa kama asiye na neno. Wachungaji hao hawakuwa na kioo wala rangi ya kutia damu. Walikuwa na subira ya kutazama vizazi na vizazi, na uaminifu wa kuwaambia watoto wao walichokiona. Huo ndio uaguzi. Si vyema basi mtu wa mjini, aliyezungukwa na maduka ya dawa, awe na macho mafupi kuliko mchungaji wa Ngorongoro.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba anayedhurika ni ng'ombe na mwenyewe tu. Lakini ng'ombe wa maziwa ana watu nyuma yake ambao hawaonekani bandani. Chukua ugonjwa wa kiwele. Chuchu moja imevimba, ina joto, na maziwa yake yametoka na mabonge. Zipo njia rahisi za kuuvumbua hata kabla haujaonekana kwa macho: sahani yenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, na dawa ya maji inayofanya maziwa mabovu yagande kama uji. Mfugaji atia dawa ya penisilini ndani ya chuchu. Amefanya vyema. Lakini dawa hiyo hutoka na maziwa kwa siku kadhaa, na kibandiko cha dawa hueleza ni siku ngapi maziwa yasitumiwe. Kuchemsha huua vijidudu vya kifua kikuu na vya kutupa mimba, lakini hakuiondoi penisilini yote. Mwenye kugandisha mtindi huweza kuligundua jambo hilo kwa namna yake: maziwa hayagandi, kwa sababu dawa imewaua wale wadogo wanaoyagandisha. Lakini mama anayemchemshia mtoto maziwa ya asubuhi hana njia ya kujua. Na kama mtoto huyo ni miongoni mwa wale ambao miili yao haipatani na penisilini, hatari yake ni ya papo hapo. Na kama siye, bado dawa inayoonjwa kidogo kidogo huwafundisha vijidudu usugu, mpaka siku dawa itakapohitajika kweli, isifanye kazi.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Wateja wanangoja langoni na chupa zao. Ada ya muhula imekaribia. Kumwaga maziwa ya siku tatu au nne ni kumwaga fedha chini, na kumwambia mteja «leo sina, ng'ombe yuko katika dawa» ni kumpeleka kwa jirani, pengine asirudi. Hakuna mtu anayemwona mfugaji akikamua. Hakuna bwana mifugo aliyesimama mlangoni. Je, atasema au atanyamaza? Hatuwezi kulijibu swali hili kwa niaba yake kwa maneno mepesi, maana si sisi tutakaolipa ada ile. Lakini twaweza kumwonyesha kwamba amekuwa, kwa mteja wake, kama vile ng'ombe alivyo kwake: mteja hawezi kuona ndani ya maziwa, kama ng'ombe asivyoweza kusema ndani ya banda. Wote wawili wameuweka uhai wao katika mikono yake. Mwenye kudai kwamba daktari amtazame ng'ombe wake kwa uaminifu hana budi naye kumpa mteja uaminifu huo huo.

Jambo hili huwa kali zaidi mnyama anapofikia kufa. Iko desturi mbaya ya kuwahi kisu, yaani kumchinja ng'ombe mahututi ili nyama yake iuzwe kabla hajawa kibudu. Watu wa pwani tangu zamani wamekiona kibudu kuwa haramu, na hukumu hiyo ina hekima yake. Lakini kuwahi kisu ni kuihadaa hukumu hiyo kwa dakika chache. Ikiwa ugonjwa ni kimeta, mnyama huanguka ghafla na damu isiyoganda yaweza kumtoka puani na nyuma. Naye haifai kupasuliwa kabisa, kwa kuwa kijidudu chake kikikutana na hewa hujifunga ndani ya ganda gumu na kudumu ardhini miaka mingi. Asiyejua hilo ataita majirani, atagawa nyama, na atakuwa amegawa kifo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 yamtaka mfugaji atoe taarifa. Lakini sheria haina macho katika kila banda. Macho yake ni mwananchi mwenyewe.

Mwaka 2007 taifa letu lilionja uchungu wa jambo hili. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo iligunduliwa kandokando ya Naivasha nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilienea baada ya mvua kubwa, ikaua zaidi ya watu 100 katika Tanzania. Ugonjwa huu hutangulia kupiga hodi kwa mifugo: ng'ombe, mbuzi na kondoo hutupa mimba kwa wingi, na watoto wao hufa. Kaskazini mashariki mwa Kenya wafugaji walikuwa wamekwisha kuziona dalili katika mifugo yao kabla wataalamu hawajathibitisha. Ng'ombe wasiosema walikuwa wamesema kwa njia yao. Iliyokawia ni safari ya habari, kutoka kwa aliyeona hadi kwa aliyepaswa kusikia.

Kwa hiyo wajibu wa kuagua hauwezi kutwikwa mabega ya mfugaji peke yake. Mtaalamu naye ana wake. Tangu mwaka 1976, masomo ya udaktari wa mifugo yalipoanza Morogoro, taifa limesomesha vijana wake kazi hii kwa jasho la wakulima na wafugaji. Mtaalamu anayedunga kwa sababu mteja anataka kuona sindano, au anayeona haya kusema «sijui bado, nipe damu niipeleke Temeke», amekisaliti kile alichosomeshewa. Neno sijui, likifuatwa na hatua ya kutafuta, ni neno la heshima. Serikali nayo ina wajibu wa kuhakikisha kwamba kipimo hakigharimu kuliko ndama, na kwamba kati ya banda la Chamazi na hadubini ya Temeke hakuna ukuta wa foleni na fedha. Bunge letu lilipotunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, lilikubali kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Basi kama anahisi, maumivu yake ni ukweli, na ukweli wadai kutafutwa.

Ushahidi kwamba kutafuta huko si kazi bure uko mbele yetu. Sotoka iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikafagia ng'ombe wa Wamaasai na wa wengine wengi, na njaa iliyofuata ikaua watu wasiohesabika. Chanjo iliyokamilishwa na Walter Plowright pale Muguga, Kenya, ilisaidia kuizuia. Lakini chanjo peke yake haikutosha. Katika miaka ya mwisho ya mapambano, kila pembe ambako ng'ombe walionekana na vidonda vya mdomo na kuhara ilibidi iendewe, wanyama wakaguliwe, damu ipimwe, ili ijulikane kama ni sotoka au la. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha, ikiwa ugonjwa wa kwanza wa mifugo kutokomezwa duniani. Uliganga ulimwengu, naam. Lakini uliganga kwa sababu haukuchoka kuagua.

Sasa twaweza kulijibu swali letu la mwanzo. Kutokujua si kosa. Sote hatujui mengi. Kukosea baada ya kutazama kwa uaminifu ni sehemu ya njia ya elimu, kama alivyokosea Koch katika mji wetu huu na akatazama tena. Lakini kutibu bila kutaka kujua, pale ambapo kujua kungewezekana, ni kosa la maadili, kwa kuwa anayebahatisha siye anayelipa. Hulipa ng'ombe asiyesema, na mtoto anywaye maziwa asiyoyakamua.

Mwalimu atakayeyasoma makala haya na wanafunzi wake asiishie kwenye ng'ombe. Na awaulize ni wagonjwa wangapi wengine wasiosema ambao twawadunga bila kuwapapasa: mtoto mchanga, mzee aliyepoteza kumbukumbu, mwanafunzi anayeitwa mvivu kabla mtu hajauliza kama amekula, kijiji kinachopewa mpango kabla hakijasikilizwa. Na mwanafunzi anayetoka Mbagala au Tegeta, akirudi nyumbani jioni na kukuta ndama amelala masikio, asikimbilie chupa. Na aweke kwanza mkono wake begani kwa ndama, atafute tezi, afunue kope, atazame mkojo. Kisha amwambie mzazi wake alichokiona, wala asiongeze neno ambalo hakuliona.